Kafi la Habona

Haya wasikizi wangu, mpo? Sogeeni basi, huu mto ni mrefu.

Bibi Habona na mumewe Komora walipanda mtumbwi wao kwenda kutembea mtoni, taratibu, mtumbwi ule ule uliomleta Habona siku ya harusi. Yeye nyuma na kafi, mumewe mbele akinung'unika kama kawaida yake, akimwita kwa jina la mtoto wao: "Mama Maro, unanirushia maji mgongoni!"

"Laiti tungerudi ujanani," Habona akashusha pumzi.

Zimwi la mto likasikia. "Pandeni na mto kwenda juu," likacheka chini ya maji. "Kila kona mtarudi nyuma kwa miaka."

Kona ya kwanza, mvi zikawa nyeusi. Kona ya pili, meno yakaota, migongo ikanyooka, Habona akapiga vigelegele! Kona ya tatu, Komora akageuka nyuma, kijana mzuri, akainamisha macho kwa adabu.

"Samahani, dada. Wewe ni binti wa nani?"

Habona akageuza mtumbwi. Akapiga kafi, akapiga, akapiga, mvi zikarudi, mgongo ukapinda, meno yakadondoka majini.

"Mama Maro! Mgongo wangu!"

Habona akalia kwa furaha, akamrushia tena maji, makusudi.