Shahada ya Kandanda

Profesa Mbonde, mkuu wa Chuo cha Mkangazi, alilitaka mno kombe la vyuo. Ili kuwavuta wachezaji hodari, alianzisha Shahada ya Kandanda, na darasa la hisabati la Mwalimu Siwema akaligeuza chumba cha kubadilishia jezi.

"Sawa, Profesa," alisema Siwema kwa upole. "Mtihani wao utakuwa nini?"

"Fainali ndiyo mtihani!"

"Kwa kanuni zetu zote za mitihani?"

"Zote! Asije mtu akaiita shahada yangu feki."

"Basi tia sahihi hapa."

Akatia, huku akicheka.

Siku ya fainali, kila mchezaji wa Mkangazi alikimbia na mpira peke yake hadi akanyang'anywa. Hata kipa alijaribu kupiga chenga uwanja mzima! Kufikia mapumziko walikuwa wamefungwa matano.

Profesa alimkimbilia Siwema. "Mbona hawapeani pasi?"

"Wanaogopa kufukuzwa chuo, Profesa. Niliwasomea kanuni: kusaidiana kwenye mtihani ni marufuku. Sahihi yako hii hapa."

Papo hapo Profesa akaifuta shahada yake na kumrudishia Siwema darasa. Kipindi cha pili pasi zilitembea kama kawaida. Siwema hakuziona. Alikuwa darasani kwake, akizitupa soksi za wachezaji nje dirishani.