Nani Ashike Boma la Sagenda?

Sogeeni, wenye masikio, mnisaidie kukata shauri hili.

Mzee Sagenda alikuwa na watoto watatu. Holo, binti yake, alikuwa na miguu ya kupandisha baiskeli mlima wowote. Lugata alikuwa na mikono ya ufundi. Shagembe alikuwa na rungu, na moyo usiojua kurudi nyuma.

Mchana mmoja wezi wa ng'ombe walivamia boma. Sagenda akamtambua mmoja, akamtaja kwa jina. Panga likampasua bega hadi mfupa ukaonekana.

Holo akamfunga baba kwa khanga kwenye keria ya baiskeli kuukuu, akakanyaga kuelekea zahanati. Kaka zake wakakimbia ubavuni. Nyuma yao wezi watatu, wakitaka kukiziba kinywa kilichomtaja mwenzao.

Baiskeli hiyo ilikuwa ya kizamani. Ekseli ya nyuma, chuma kinachobeba gurudumu, ililala kwenye mwanya mrefu wa mlalo katika fremu, ikishikwa na nati tu. Kilimani Holo akakanyaga kwa nguvu zake zote; mnyororo ukaivuta ekseli mbele, gurudumu likapinda, likang'ang'ania fremu. Baiskeli ikagoma. Holo alisikia damu ya baba ikimlowesha mgongo, akalia kwa hasira.

"Mshike baba!" Lugata akafoka. Akalivuta gurudumu nyuma, akavunja kisu chake, akakigongomea kipande kwa jiwe mbele ya ekseli isisogee tena. Vidole vyake viwili vikasagika. Hakuacha.

Shagembe akawageukia wezi. Wa kwanza akamvunja taya, wa pili goti. Lakini wa tatu akamkata Shagembe mkono wa kushoto. Shagembe akampiga kwa wa kulia mpaka mwizi akalala.

"Tayari!" Lugata akaita. Holo akakipanda kilima chote, mapafu yakiwaka moto, hadi zahanati.

"Mngechelewa kidogo tu, mngeniletea maiti," tabibu akasema.

Sagenda akapona. Shagembe naye akapona, akabaki na mkono mmoja. Baba akawaita wote.

"Boma haliongozwi na watu watatu. Fimbo yangu ataishika aliyeniokoa."

"Bila rungu langu mngechinjwa palepale," akasema Shagembe.

"Bila mimi, baba angekata roho kilimani huku ukipigana," akajibu Lugata.

"Na nani alimfikisha?" Holo akauliza. Lakini sauti ilimtetemeka, maana miguu iliyomfikisha baba ndiyo iliyolipinda gurudumu.

Sagenda akawatazama, fimbo mkononi, asijue aielekeze wapi.

Haya, nyinyi mliosikia: fimbo hiyo mngempa nani?