Ukuta wa Grauwald

Tauni ilipoondoka Grauwald iliacha watu arobaini na ukuta mrefu wa mawe. Haikupita wiki, kabaila Lothar akafika na watwana wake mia mbili wenye sululu.

"Mji uliokosa watu ni malisho tu," alisema, "na malisho ni yangu. Bomoeni."

Odila, mjane mfuma sufu, akainama. "Tuachie mwaka mmoja wa matanga, bwana mkubwa. Watu wako walale kwenye nyumba zetu tupu, watulinde tusitoroke. Chakula chao juu yetu."

Kabaila, aliyechoka kuwalisha, akakubali upesi akarudi kwenye ngome yake. Mwaka ulipotimia alikuja tena.

"Siku moja tu, bwana, tukuokee mkate wa kuagana," Odila alimwomba.

Akangoja, ila alilala hemani, nje ya ukuta, kwa kuogopa tauni. Asubuhi akaamuru ukuta ubomolewe. Hakuna aliyeinua sululu.

"Sheria ni ya babu yako," Odila alisema kutoka juu ya ukuta. "Mtwana akilala humu mwaka na siku moja, si mtwana tena, ni mwenyeji. Sasa tuko mia mbili na arobaini."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mgeni, bwana," alisema Odila, akamteremshia mkate wake kwa kamba.