Mfupa Mwepesi

Mtu mmoja alikuwa na kipaji cha kutambua mifupa. Jina lake Ambokile, na aliajiriwa na makumbusho ya mji wa mbali, lakini kila kiangazi alirudi kupiga hema kwenye kona ya mto wa kwao, mahali ambapo maji hula ukingo na kufichua mifupa ya wanyama waliokufa kabla hajawako binadamu wa kusimulia habari zao. Mpe jino, atakwambia ni la kiboko wa kale. Mpe kipande cha kwato, atakwambia ni cha farasi aliyekuwa na vidole vitatu. Watu walimsifu mpaka naye akaanza kujisikia, na ni nani asingejisikia?

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii. Kwanza aliupima mfupa kwa kiganja. Uliogeuka jiwe ni mzito, na ukiugonga kwa ukucha hulia. Mwepesi ni wa mbuzi aliyeliwa sikukuu, au wa ng'ombe aliyekufa mwaka jana. Huo aliutupa kwenye lundo la takataka chini karibu na maji, bila kuuangalia. Mkono wake ulikuwa umezoea hata haukuhitaji macho.

Kwenye kona ile ile mto ulitua vile ulivyovichukua huko juu. Na ulikuwa umemchukua Lusekelo, mtoto wa Subilaga, akivuka kwenda shule wakati wa masika. Hakuonekana tena. Kwao, maiti isipopatikana, ndugu hukata mgomba, huuvika sanda na kuuzika, ili matanga yaanuliwe na watu wapate kulala. Mumewe alitaka hivyo. Ukoo mzima ulitaka hivyo. Subilaga akakataa katakata. Alisema hatazika mti ilhali mtoto wake yuko mtoni. Akipata hata mfupa mmoja, atauzika huo, kisha atanyamaza.

Siku alipomwona Ambokile akichambua mifupa, alimweleza yote. Yeye hakuweza kupambanua mfupa wa mtu na wa mbuzi, akamwomba awe macho yake. Ambokile alimhurumia kweli, akaahidi. Tangu hapo mama yule akawa anaokota kila alichokikuta mchangani na kumletea katika pindo la kanga. Wenzake walimcheka, wakamwita mke wa mifupa. Ambokile hakumcheka. Alipokea, akatambua, akamtajia: huyu mamba, huyu twiga wa shingo fupi. Na kwa kuwa mingi ya mifupa aliyoletewa ilikuwa na thamani kwake, polepole akasahau anayetafutwa na mwenzake, akakumbuka anachokitafuta yeye.

Kiangazi kilipokuwa kinakwisha, Ambokile alipata taya la tembo wa kale, zima, na meno yake. Wakubwa wake walikuwa njiani kuja kuliona. Alikuwa amelala kifudifudi akilipangusa kwa brashi, Subilaga alipofika na kuweka mfupa mdogo katika kiganja chake. Ambokile hakugeuza uso. Aliupima kwa mkono, akaurusha kule chini.

"Huu si kitu, Mama Lusekelo," alisema. "Ni wa juzi tu."

Alimwita hivyo, kwa jina la mtoto, kama kila siku, na bado hakusikia alichokisema. Subilaga alikung'uta kanga yake. Kisha akamshukuru, akaenda zake.

Jioni Ambokile alishuka kunawa. Alipokuwa akisugua kiganja kwa mchanga, kiganja kikakumbuka. Ule mfupa ulikuwa mwembamba, mnyoofu, na ncha yake ilikuwa haijakomaa, kama ilivyo mifupa ya anayekua bado. Haukuwa wa mbuzi. Haukuwa wa mnyama yeyote.

Alikimbia kwenye lundo. Lakini huko milimani mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, mto umejaa ghafla, na palipokuwa na lundo palikuwa na maji mekundu yakienda kwa kasi. Aliingia mpaka kifuani, akapapasa matope mpaka giza likamfukuza. Alilia njia nzima.

Asubuhi alikwenda kwa Subilaga kukiri. Akakuta watu wamejaa uani. Jana yake, aliporudi kutoka mtoni, mwanamke yule alimwambia mumewe akate mgomba, kwa maana amechoka, na aliyekuwa macho yake amekwishamwambia hakuna kitu. Sasa mgomba ulikuwa umelazwa mkekani, umevikwa sanda, mfupi, urefu wa mtoto wa darasa la pili. Subilaga alipomwona Ambokile akaagiza apewe kigoda mbele pamoja na ndugu, kwa kuwa katika kijiji chote ni yeye peke yake aliyemsaidia kutafuta. Ambokile akakaa. Alichokuja kukiri hakukikiri. Wakauzika mgomba, naye akatupia udongo wake kama wengine.

Taya la tembo liko makumbusho mpaka leo, na jina la Ambokile limeandikwa chini yake kwa herufi safi. Nanyi mliokuja kunisikiliza, mnaojua mengi na kusifiwa kwayo: ni nani aliyewawekea mkononi kitu chepesi wiki hii, nanyi hamkugeuza hata uso?