Kigelegele cha Mapema

Kigelegele cha mapema hupandisha bei. Ndivyo alivyowaambia kamanda wenu asubuhi ya leo, alipowakuta uwanjani mnaiimbia manowari ambayo serikali bado inaiulizia bei, na bei yenyewe imepanda mara mbili tangu mwaka jana. Sasa mmekuja kwangu kupimwa sare, na badala ya kunyoosha mikono nipime mabega, mnaniuliza kamanda alikuwa na maana gani. Haya, kaeni niwaambie. Chausiku, usikalie hicho kitambaa, ni suruali ya mtu hicho! Methali hii ilianza hivi.

Zamani za meli za moshi palikuwa na mji wa pwani ukiitwa Chamwale. Ulikuwa mji wa chumvi, na mashua zake ziliipeleka chumvi hiyo miji yote ya jirani. Maharamia nao walijua hivyo, wakawa wanazingojea njiani. Mji ulikuwa na manowari moja tu, kuukuu, yenye mzinga mmoja uliokohoa zaidi ya kulia. Nahodha wake, mzee Bwanakheri, alikuwa akisema maharamia wakimwona humpungia mkono na kumuuliza hali ya watoto.

Basi Sultani Mwinyishee akaamua kununua manowari mpya. Akaitwa muuzaji kutoka ng'ambo, Bwana Gustavu, mtu mnene, mcheshi, mwenye masharubu, anayejua Kiswahili cha kuulizia bei na chakula. Bwana Gustavu akataja riale elfu arobaini. Hazina ilikuwa nazo, na kidogo cha juu. Akasema atarudi baada ya miezi mitatu na picha ya meli, kisha atakuja na meli yenyewe, na hapo ndipo watakapotia sahihi.

Wanangu, Chamwale ilifurahi, ikafurahi tena! Mtoto wa kwanza kuzaliwa wiki ile alipewa jina la Manowari, na maskini alikuwa wa kike. Sokoni alikuwepo muuza kanga, Bi Somoe, ambaye kanga zake alizipiga chapa mwenyewe kwa vibao vya mti alivyochongewa na mumewe. Naye hakutaka kuachwa nyuma. Akatoa kanga mpya, nyekundu, zenye maneno haya: KARIBU MANOWARI YETU. Ziligombaniwa mpaka watu wakararuliana mabuibui.

Bwana Gustavu aliporudi na picha, bandari ilikuwa nyekundu tupu. Akapigiwa ngoma, akapigiwa vigelegele, akalishwa pilau mpaka akafungua vifungo vya koti. Alipita sokoni kumnunulia mkewe zawadi, akamuuliza Bi Somoe kanga ile inasemaje.

Bi Somoe akamsomea, kifua mbele.

"Yenu?" akauliza Bwana Gustavu.

"Yetu, bwana! Hata mahali pa kuifunga tumeshapasafisha."

Bwana Gustavu akacheka sana, akatoa kijitabu mfukoni, akaandika. Alasiri ile barazani bei ikawa elfu hamsini na tano. Alisema chuma kimepanda. Makaa nayo yamepanda, na mafundi siku hizi hawashikiki.

Akaondoka, akawaachia wazee wa baraza vichwa vinavyouma. Pesa za kujazia hazikuwapo. Kitu cha kuuza kilikuwa kimoja tu, uwanja wa soko, ambao tajiri mmoja alikuwa akiutamani siku nyingi ajenge maghala yake. Sultani akatangaza, tena kwa huzuni, kwamba Bwana Gustavu akirudi na meli na bei isiposhuka, soko litauzwa.

Bi Somoe aliposikia habari hiyo alikaa juu ya robota lake la kanga akalia mbele za watu. Mama yake aliuzia pale pale. Wanawake themanini walilisha watoto wao kwa meza zile, na yeye mwenyewe hakuwa na shamba wala mume tena, kwani mumewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Soko likienda, na yeye amekwenda.

Hata machozi hayajakauka, akaja mteja. Mwanamke yule akachukua kanga, akaifungua, akajifunga, akajigeuza huku na huku. "Hii nimeshaichukua, shoga! Ndiyo nitakayovaa harusini kwa dada yangu. Kwani bei gani?"

Bi Somoe akamtajia bei ya juu bila kupepesa jicho. Mteja akalipa, akaenda zake.

Bi Somoe akabaki na mkono mdomoni. "Ala! Kumbe!"

Maana katika miaka thelathini ya kuuza kanga hakuwahi kumpunguzia bei mteja aliyejifunga kabla ya kuuliza. Ya nini kumpunguzia? Kanga iko kiunoni tayari. Na Chamwale nzima, kuanzia Sultani mpaka kitoto Manowari, ilikuwa imeshajifunga meli ya watu.

Hakungoja kufunga duka. Alikwenda moja kwa moja barazani, akamkuta Sultani na nahodha Bwanakheri.

"Shikamoo, Mfalme. Chuma hakikupanda."

"Marahaba, Bi Somoe. Kama si chuma, ni nini?"

"Ni sisi. Na mimi wa kwanza. Nilimsomea yule bwana kanga, akaandika bei pale pale mbele yangu, nami ninamchekea." Akaeleza habari ya mteja wake.

Sultani akajikuna ndevu. "Sasa unataka nifanye nini?"

"Nyamazisha ngoma. Akija, apewe kiti, apewe chakula, asalimiwe vizuri. Lakini asionyeshwe jino la furaha mpaka atie sahihi."

"Mgeni bila ngoma!" nahodha akasema. "Si tutaonekana hatuna adabu?"

"Nahodha, wewe chukua rangi ukaipake ile meli yako kuukuu. Adabu niachie mimi."

Kanga nyekundu zikafichwa makashani. Bi Somoe akachonga kibao kipya kwa mkono wake mwenyewe, kikatoka kimepinda kidogo, akapiga chapa kanga za buluu. Kazi ikabaki moja, nayo ndiyo ngumu: vigelegele. Wanawake wa Chamwale, wanangu, walipiga vigelegele hata kuku akiangua. Bi Somoe akaona dawa ni tambuu ya kutafuna. Akaagiza kila mwanamke atakayefika bandarini awe nayo mdomoni, shavu limejaa, asiweze hata kusema "lo".

Siku ikafika. Manowari ikaingia, nyeupe, ndefu, ina mizinga mitatu inayong'aa. Ilikuwa nzuri, na mioyo ya watu ilidunda. Mama yake nahodha, bibi wa miaka themanini na kitu, alianza kutetemeka midomo. Bi Somoe akamwahi, akamtia tambuu ya pili.

Bwana Gustavu akashuka akitabasamu, akakuta kimya. Watu walimsalimia kwa heshima, wakaendelea kumtazama nahodha Bwanakheri, ambaye alikuwa juu ya meli yake kuukuu akiipaka rangi kwa utulivu, ungedhani anapaka kitanda cha bi harusi. Bwana Gustavu akaenda moja kwa moja kwa Bi Somoe.

"Bibi, kanga hii inasemaje?"

Bi Somoe akaisogeza tambuu shavu la pili. "Inasema, TULIYO NAYO YATUTOSHA."

"Na ile nyekundu?"

"Aa, ile ilichuja, bwana."

Barazani Bwana Gustavu alianza na elfu sitini. Sultani akapiga miayo, akamuuliza mtumishi wake eti nahodha amebakiwa na makopo mangapi ya rangi. Bwana Gustavu akasema, basi, hamsini. Sultani akamkaribisha kahawa. Bwana Gustavu akafuta jasho. Kuirudisha meli ng'ambo kungekula makaa mengi, na hakuwa na mnunuzi mwingine pwani nzima. Akashuka arobaini na tano. Sultani akamwomba asiondoke kabla ya kuonja halua.

"Arobaini!" akasema Bwana Gustavu. "Ile ile ya kwanza. Na makaa ya safari moja nawapa."

"Andika," akasema Sultani.

Akaandika, akatia sahihi. Bi Somoe alikuwa mlangoni na wanawake wote nyuma yake. Hakuondoa macho kwenye ile karatasi. Alingoja kalamu iwekwe chini, akangoja Sultani naye atie muhuri. Kisha akatema tambuu.

Loo! Kigelegele alichokipiga mwanamke yule! Wenzake themanini wakatema zao, wakakipokea, bandari ikakipokea, mama yake nahodha akakipiga mpaka akashikwa mkono asianguke. Bwana Gustavu aliruka kitini akamwaga kahawa kwenye masharubu. Nje ngoma ikalia, na kanga nyekundu zikatoka makashani.

"Kumbe mlikuwa mnaitaka!" akasema.

"Tangu siku ya kwanza, bwana," akajibu Bi Somoe, analia na kucheka kwa pamoja. "Hata usingizi tulikuwa hatupati."

"Ningesikia hiki asubuhi, Bibi, msingeipata hata kwa elfu sitini!"

"Najua. Na mimi kesho ningekuwa nauza kanga njiani, juani, sina soko."

Bwana Gustavu akamtazama, akaitazama karatasi yenye sahihi yake, halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka, maana alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara humtambua mwenziwe. Kabla ya kuondoka akaagiza kanga moja ya kumpelekea mkewe, iandikwe kisa hicho kwa maneno machache ili naye ajue mumewe alivyozidiwa ujanja. Bi Somoe akamtajia bei ya juu, akalipa bila kuuliza mara mbili. Asubuhi yake mji mzima uliitaka kanga hiyo hiyo, na Bi Somoe akaipigia chapa pale pale sokoni, kwenye meza ya mama yake: KIGELEGELE CHA MAPEMA HUPANDISHA BEI.