Nyota ya Bwana Makame

Bwana Makame, mwenye mikarafuu kilima kizima, alimposa Mize, na pale kijijini hakuna aliyewahi kumnyima kitu. Babake Mize, Mzee Shaame, alishikilia sharti moja tu.

"Mimi nina miaka sitini na moja. Mkwe asinizidi umri."

"Mimi ndiyo kwanza arobaini na tano," akasema Bwana Makame, akipapasa ndevu zake zilizokolea piko nyeusi ya kufichia mvi.

Mzee Shaame akaziangalia zile ndevu, asithubutu kumwita tajiri mwongo. Mize akadakia kutoka mlangoni.

"Mimi nimeridhia, Bwana. Ila tupime nyota kwanza, tusije tukazikana mapema."

Bwana Makame, ambaye aliogopa nyota kuliko homa, akakaa vizuri.

"Umri wako usiutaje," Mize akamwambia. "Uweke moyoni, lakini uwe wa kweli, maana nyota ikidanganywa hulipiza."

"Nauweka wa kweli, wallahi!"

"Zidisha mara mbili, kwa kuwa tutakuwa wawili. Jumlisha kumi na mbili, za buruji za mbinguni. Nitajie jumla tu."

Bwana Makame akahesabu vidole, midomo ikimcheza. "Mia na hamsini!"

"Nyota njema hiyo. Sasa naondoa zile kumi na mbili za buruji, inabaki mia na thelathini na nane. Tulizidisha mara mbili, basi nakata nusu. Sitini na tisa."

Mzee Shaame akainuka mkekani, akavua kofia, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, kaka."