Barua Isiyofunguka

Ndugu zangu, hebu mtazameni mzee mmoja, mkaguzi wa shule aliyestaafu, akiingia dukani na karatasi mkononi. Macho yake yalikuwa yamechoka. Vitabu vya karatasi vilikuwa vimemshinda, naye aliishi kwa kusoma. Akaambiwa viko vifaa vya kusomea vitabu, unakuza herufi mpaka ziwe kubwa utakavyo. Basi akataka kimoja, lakini si chochote tu. Kwenye karatasi yake alikuwa amechora jedwali: upande huu majina ya vifaa, upande ule aina za mafaili. Panapofunguka alama ya vema, panapokataa alama ya mkasi. Kazi ya ukaguzi haimtoki mtu.

"Hiki kinafungua mafaili ya EPUB?" akamuuliza muuzaji, binti mpole wa rika la mwanawe wa mwisho.

"Kinafungua, mzee."

"Na PDF?"

"Kinafungua, ila PDF herufi zake hazijipangi upya ukizikuza. Utakuwa unasukuma ukurasa huku na huku."

"Kile nilichoonyeshwa jana duka jingine kilikuwa kinakubali vitabu vya kampuni yake tu. Nikakirudisha kwenye boksi mbele ya muuzaji. Nikamwambia, mimi sinunui kitu kinachonichagulia cha kusoma."

Binti akacheka. "Mzee, una masharti kama mahari. Nipe mafaili yako mwenyewe tujaribu, kikikataa hata moja, usinunue."

Mzee akatoa memori kadi. Fundi simu alikuwa amemhamishia humo kila kitu kilichokuwa kwenye simu yake. Binti akaichomeka, akakuza herufi kwa ajili ya yale macho, akaanza kufungua moja baada ya jingine. Historia, ikafunguka. Kitabu cha ufugaji nyuki, kikafunguka. Mzee akawa anatia vema kwenye karatasi, ameridhika.

"Na hii je? 'Barua kwa Kaka.' Ziko tatu, jina moja, kila moja aina yake."

Mzee akanyoosha mkono. "Hizo ziache. Hizo hazifunguki."

Lakini kidole cha binti kilikuwa kimeshagusa. Ikafunguka papo hapo, herufi kubwa, hata mteja wa nyuma angeweza kusoma. *Kaka, shikamoo. Ninatamka, anaandika dada wa steshenari. Mkono wa kulia umegoma tangu Krismasi, na sasa ulimi unaanza kuwa mzito. Njoo nikiwa bado ninaweza kusema. Yapo maneno mama aliniachia nikupe, na sitaki kuyapitisha kwa mtu mwingine.*

Ilikuwa imetumwa Februari na mdogo wake aliyebaki nyumbani na shamba. Mzee alipoiona kwenye simu, alijua moyoni kwamba anaombwa kitu. Siku hiyo alikuwa amechoka kuombwa. Akajibu, "Haifunguki, ni aina nyingine." Hakuwa amejaribu.

Binti, bila kujua anachokifanya, akagusa ya pili. *Kaka, samahani kwa usumbufu. Nimerudi steshenari wakabadilisha aina. Naambiwa hii inafunguka popote.* Hiyo nayo ilijibiwa vilevile.

Ya tatu ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari. Maandishi makubwa yaliyopinda, ya mkono wa kushoto. *Kaka. Labda hii.*

"Zote zinafunguka, mzee," binti akasema kwa sauti ya chini. "Hizi zingefunguka hata kwenye simu yako."

Mzee alitoka nje bila kifaa wala karatasi. Akasimama kando ya ukuta wa duka, akapiga simu nyumbani. Akapokea mke wa mdogo wake.

"Nipe niongee naye, shemeji."

"Haongei tena, shemeji, wala kalamu haishiki. Ni miezi miwili sasa. Lakini anasikia. Nakuwekea sikioni."

"Mdogo wangu," mzee akasema, "nimezisoma barua zako."

Upande wa pili ikasikika sauti nzito isiyo na maneno, ndefu, kisha tena. Mke akarudi kwenye simu. "Amefurahi, shemeji. Anaonyesha vidole, kimoja, viwili, vitatu. Nadhani anauliza ni ipi iliyofunguka."

Ndugu zangu, ninyi mngejibu nini? Mzee akasema, "Mwambie zote. Tangu ya kwanza. Mimi ndiye sikufungua."

Tusiwe wepesi kumcheka mzee huyu, wala kumhukumu. Hakumtukana mtu, hakumfukuza mtu mlangoni. Alisema neno dogo tu, la kumaliza mazungumzo, kama lile tunalolisema sisi: sikuona ujumbe wako, mtandao ulisumbua, sikukuelewa. Mimi ninayesimama mbele yenu nimelisema wiki hii, na aliyeambiwa yumo humu ndani. Tunafikiri neno kama hilo halimuumizi mtu. Hatumwoni mwenzetu akirudi steshenari kwa miguu, akiamini kasoro ni yake, akitafuta namna nyingine ya kusema ili sisi tumsikie. Maneno ya mama yao hayatajulikana tena.

Yupo mtu leo anayejilaumu kwa kosa lililo letu. Anadhani hajui kuandika, hajui kuomba, hajui kuongea na watu kama sisi. Tukitoka hapa, kabla ya kula, twende tukamwambie ukweli wenyewe, hata kama tutaona haya. Haya hiyo ni yetu. Tusimwachie aibebe yeye.